Muasi Akibisha Hodi: Namna ya Kusikiliza Kesi ya Mwanasiasa Aliyekiasi Chama, na Bei ya Kumsamehe

Kura zikishahesabiwa na mabango yakianza kupauka juani, kuna mtu atabisha hodi kwenye ofisi ya tawi. Miezi mitano iliyopita alikuwa jukwaani akiwaita wezi. Leo amevaa shati la rangi ya chama, amekuja na kreti mbili za soda na wazee watatu wa kumsemea. Anataka kurudi.

Nchini Uganda mgeni huyu haadimiki. Bunge lililochaguliwa 2021 liliingia na wabunge huru 74, kundi la pili kwa ukubwa baada ya NRM, chama tawala, iliyokuwa na 336. NUP, chama kikubwa cha upinzani, kilikuwa na 57. Wengi wa hao 74 hawakuanza safari wakiwa huru: walishindwa kura za mchujo ndani ya vyama vyao, wakachukua fomu peke yao, na baada ya uchaguzi wakabaki na mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Mwongozo huu umeandikwa kwa viongozi wa tawi, jimbo na wilaya, wa chama chochote. Msimamo wake tuuseme mapema: msamaha ukitolewa Kampala, juu ya vichwa vya watu wa tawi, unawaadhibu waliotii. Yule kijana aliyelala kituoni akilinda fomu za DR, yaani fomu za matokeo ya kituo, ndiye mdai wa kwanza, na bila yeye kusikilizwa hakuna kilichosamehewa.

Jua kwanza alikosa nini

Neno "uasi" ni gunia linalotiwa kila kitu. Limwageni mezani kabla ya kuita kikao, maana kosa moja halifanani na lingine na adhabu haiwezi kuwa moja.

Kosa la kawaida ni la aliyeshindwa mchujo akagombea huru. Kumbukeni kwamba Ibara ya 72 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kugombea bila chama, kwa hiyo hapa hakuna kosa la nchi, kuna kosa la nyumba. Na hata hilo la nyumba linategemea karatasi: je, alisaini fomu ya kukubali kuheshimu matokeo ya mchujo? Itafuteni fomu hiyo. Matawi mengi huanza kwa hasira na kugundua baadaye kwamba fomu haikujazwa, au imebaki kwa msajili aliyehama mji.

Kosa la pili ni kupiga kura bungeni au kwenye baraza la wilaya kinyume cha msimamo wa chama. Hapa nendeni polepole. Tarehe 20 Desemba 2017, Bunge lilipopitisha kuondolewa kwa ukomo wa umri wa rais kwa kura 317 dhidi ya 97, baadhi ya wabunge wa NRM walipiga kura ya kukataa, akiwamo Theodore Ssekikubo wa Lwemiyaga na Barnabas Tinkasiimire wa Buyaga Magharibi. Wakubwa wa chama waliwaona waasi. Wapo wapiga kura waliowaona wasikivu. Mnapokutana na kesi ya namna hii ulizeni mambo matatu: msimamo ulipitishwa na kikao gani, ulikuwamo kwenye ilani iliyonadiwa kwa wananchi, na je, mbunge alisema mapema na hadharani kwamba atapinga? Aliyesema mapema, akatoa sababu, akapiga kura yake mchana kweupe, anastahili onyo tu, si zaidi. Mbaya zaidi ni yule aliyeitikia "ndiyo" kwenye kikao cha wabunge wa chama, kisha siku ya kura akaugua ghafla.

Kupokea wadhifa kwenye serikali ya chama kingine ni jambo la tatu. Mwaka 2016 Betty Amongi wa chama cha UPC aliteuliwa waziri wa ardhi kwenye serikali ya NRM. Julai 2022 Norbert Mao, rais wa chama cha DP, alisaini mkataba wa ushirikiano na NRM, akateuliwa waziri wa sheria na katiba. Kwenye kesi kama hizi swali la kuuliza ni fupi: nani alisaini, na kwa idhini ya kikao kipi? Kumbukumbu za kikao zikiwapo, mnaweza kuuchukia uamuzi lakini ni uamuzi wa chama. Zisipokuwapo, mtu amejiuza mwenyewe.

La mwisho ni mchezo wa chini kwa chini: kuvaa rangi ya chama mchana na kumfanyia kampeni mpinzani usiku, kuuza fomu za DR, kula posho ya mawakala. Kulithibitisha ni kazi. Lakini kwa uzito linapita yote yaliyotangulia. Mgombea huru angalau alikupa nafasi ya kujiandaa.

Kagueni mchujo wenu kabla ya kumkagua yeye

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu kesi. Mtu akisema "niliibiwa", msimjibu kwa mdomo. Mjibuni kwa hesabu.

NRM, kwa mfano, mwaka 2020 na tena Julai 2025 ilitumia mtindo wa kupanga mstari: wanachama kijijini wanasimama nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake, wanahesabiwa kichwa kwa kichwa, matokeo yanaandikwa kwenye fomu ya kijiji na kupelekwa juu. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba kila mtu anaona. Ubaya wake ni kwamba mstari ukishavunjika hauna kumbukumbu. Mvua ikinyesha, au watu wakisukumana, hakuna sanduku la kufungua tena. Kinachobaki ni karatasi, na karatasi ndiyo mtakayoikagua.

Chukueni daftari la wanachama la kila kijiji, fomu ya matokeo iliyobaki kwa mawakala, na nakala iliyofika wilayani. Ziwekeni tatu pamoja, kijiji kwa kijiji. Tuseme daftari lina wanachama 412 na fomu inaonyesha watu 530 kwenye mistari. Wale 118 wametoka wapi? Mara nyingi jibu ni lori lililowashusha watu saa kumi na moja jioni, au wanachama wa chama kingine waliokuja kumchagulia jirani mgombea dhaifu. Angalieni pia vijiji ambavyo kila aliyeandikwa alijitokeza, bila mgonjwa, bila msafiri, bila maiti: hakuna kijiji cha namna hiyo. Angalieni fomu za vijiji vitano vya muluka mmoja zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Angalieni nakala ya wakala inayosema 87 na ya wilayani inayosema 187. Tarakimu ya moja ni rahisi kuongeza kuliko zote.

Kisha jumlisheni kasoro zote, mzilinganishe na tofauti ya ushindi. Ikiwa mshindi alishinda kwa kura 1,140 na kasoro ni 200, mchujo ulikuwa na uchafu lakini haukubadilisha mshindi, kesi iendelee. Ikiwa kasoro ni 1,600, simamisheni kila kitu. Huyo mnayemwita muasi huenda ndiye aliyekosewa, na tawi ndilo linaloanza kuomba radhi, kwa maandishi. Viongozi wengi hawapendi kusikia haya. Lakini hukumu iliyojengwa juu ya mchujo wa wizi huzaa muasi mwingine uchaguzi unaofuata, safari hiyo akiwa na watu wengi zaidi nyuma yake.

Kwa vyama vinavyotoa bendera, yaani tiketi ya kugombea kwa jina la chama, kwa usaili, kama NUP ilivyofanya, ukaguzi ni wa namna nyingine: someni kumbukumbu za jopo, vigezo vilivyotumika, na kama mwombaji aliyekataliwa alipewa sababu. Asipopewa sababu, hoja yake ya kwanza mmempa nyinyi.

Mnachoweza kufanya na msichoweza

Ibara ya 83(1)(g) ya Katiba inasema mbunge anapoteza kiti akikiacha chama kilichompeleka bungeni ili ajiunge na kingine au abaki mbunge huru. Kipengele cha (h) kinasema vivyo hivyo kwa aliyechaguliwa akiwa huru kisha akajiunga na chama. Watu huvisoma viwili hivi haraka haraka wakadhani chama kikimfukuza mbunge, kiti kimekwisha.

Hapana. Aprili 2013 NRM iliwafukuza wabunge wanne: Ssekikubo, Tinkasiimire, Wilfred Niwagaba na Muhammad Nsereko. Spika Rebecca Kadaga alikataa kutangaza kwamba viti vyao viko wazi. Februari 2014 Mahakama ya Katiba ikaamua watoke bungeni. Tarehe 30 Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo: kuacha chama ni tendo la mwenyewe, kufukuzwa ni tendo la wengine, na Katiba imetaja la kwanza tu. Kwa hiyo ukimfukuza mbunge wako unampa uhuru na kiti unamwachia. Fikirini hilo kabla ya kupiga ngumi mezani.

Suala la mbunge anayehama Bunge likielekea ukingoni lilifika Mahakama ya Katiba Februari 2011, na Katiba imerekebishwa tangu hapo. Agosti 2020 wabunge kadhaa wa DP walihamia NUP Bunge likiwa katika mwaka wake wa mwisho. Kabla ya kumwandikia Spika barua yoyote, mpatieni wakili nakala ya karibuni ya Ibara ya 83, yenye marekebisho, aisome tarehe kwa tarehe.

Mlicho nacho mkononi ni hiki: onyo, kusimamishwa uongozi wa ndani, kunyimwa bendera kwa muda, na kwa mbunge, mnadhimu wa chama kumwondoa kwenye kamati aliyopangiwa. Hii ya kamati huuma kuliko watu wanavyodhani. Vyeo vinavyotolewa na Bunge lenyewe ni habari nyingine. Mwaka 2024 NUP ilimtaka mbunge wake Mathias Mpuuga ajiuzulu ukamishna wa Bunge kwa ajili ya shilingi milioni 500 alizopewa kama tuzo ya utumishi. Alikataa, akaendelea kukalia kiti, na baadaye akaongoza chama chake, Democratic Front. Chama kisitangaze redioni adhabu ambayo hakina mkono wa kuitekeleza.

Faili

Kila tuhuma iwe na ukurasa wake: tarehe, mahali, alichosema au kufanya, kifungu cha katiba ya chama kilichovunjwa, na mashahidi wasiopungua wawili waliokuwapo. "Kila mtu anajua" haiingii kwenye faili.

Picha ya bango ipigwe ikionyesha mahali, si bango peke yake. Sauti ya redio iombwe kituoni mapema, wiki hiyo hiyo, kabla haijafutwa. Picha za ujumbe wa WhatsApp ni ushahidi dhaifu kwa sababu jina la anayetuma hubadilishwa kwa sekunde tatu. Hakikisheni aliyeupokea anakuja mwenyewe na simu yake, ujumbe usomwe kikaoni. Kwa aliyetuhumiwa kuuza fomu za DR, orodhesheni vituo, jina la wakala wa kila kituo, na saa ambayo fomu ilifika ofisini. Fomu iliyosainiwa saa moja jioni ikafika saa saba usiku, kwenye gombolola ambayo boda boda inaivuka kwa dakika ishirini, ina maswali ya kujibu.

Barua ya kumwita

Mpeni siku zilizotajwa kwenye katiba ya chama chenu. Isipotaja, mpeni siku 14. Ipelekwe kwa mkono na watu wawili, asaini daftari la kupokea. Akikataa kusaini, wapelekaji waandike tarehe, saa na mahali, wasaini wao. Barua fupi inatosha:

"Mheshimiwa, tawi limepokea malalamiko kwamba tarehe fulani, kwenye soko la mahali fulani, ulimfanyia kampeni mgombea asiye wa chama, kinyume cha kifungu fulani cha katiba ya chama. Nakala za ushahidi, kurasa saba, zimeambatishwa. Unaitwa kujibu mbele ya kamati ya watu watano tarehe fulani, saa nne asubuhi, ofisi ya tawi. Unaweza kujibu kwa maandishi kabla ya siku hiyo, kuja na mashahidi, na kuja na mwanachama mmoja wa kukusaidia. Uamuzi bado haujafanywa."

Sentensi ya mwisho msiifute. Ibara ya 28 na ya 42 za Katiba zinazungumzia kusikilizwa kwa haki na kutendewa haki katika maamuzi ya kiutawala, na wakili wa upande wa pili atazitaja hata kama nyinyi ni chama na si mahakama. Barua inayosema "uje ujieleze kwa nini ulitusaliti" imeshahukumu.

Siku ya kikao

Watu watano wanatosha; saba ni kelele. Asiwemo mbeba bendera aliyeangushwa, yaani mgombea rasmi wa chama, asiwemo ndugu wa upande wowote, asiwemo aliyepokea pesa za kampeni za yeyote kati yao. Wanawake wasipungue wawili, awemo kijana mmoja, na mmoja atoke gombolola nyingine kabisa. Huyu wa mbali ndiye mara nyingi anayethubutu kusema ukweli, kwa sababu jioni hatakutana na mtu wa mtuhumiwa kisimani.

Chagueni lugha kabla ya kuanza. Katika miji kama Arua, Koboko, Bombo au Busia, kikao kikienda kwa lugha ya kabila moja, nusu ya watu wataondoka wakisema kesi iliamuliwa kwa siri. Kiswahili hapo kinawakalisha Mlugbara, Mnubi, Msamia na Mganda mkeka mmoja. Kumbukumbu mnaweza kuziandika kwa Kiingereza kwa ajili ya makao makuu, ila zisomwe kwa Kiswahili kabla ya watu kusaini.

Utaratibu: mwenyekiti anasoma tuhuma, mtuhumiwa anajibu kila moja kwa "nakubali" au "nakataa". Mashahidi wanaingia mmoja mmoja, wengine wakisubiri nje mbali na dirisha. Mtuhumiwa anawauliza. Kisha analeta wake. Mbeba bendera aliyeangushwa na mawakala wawili wapewe dakika kumi kila mmoja kusema walichopoteza. Hili la mwisho haliko kwenye katiba za vyama vingi, lakini liwekeni. Ndilo linalobadilisha hewa ya chumba.

Wazee waliokuja kumsemea mgeni wapewe heshima yao na chai yao, lakini wasimjibie. Mzee akianza, "Wanangu, huyu ni mtoto wenu, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani," mwenyekiti amwache amalize, kisha aseme: "Ahsante, mzee wetu. Sasa tumsikie mheshimiwa mwenyewe." Soda zirudi garini mpaka uamuzi utoke.

Uamuzi msiutoe siku hiyo. Kaeni siku tatu hadi saba, andikeni sababu, kila mjumbe asaini, na asiyekubaliana aandike lake. Elezeni pia namna ya kukata rufaa na mwisho wake.

Bei ya msamaha

Je, muasi anastahili kusamehewa? Wengi wanastahili, kwa bei. Tatizo la siasa zetu ni kwamba bei hailipwi na aliyekosa. Hulipwa na aliyekosewa, anayeambiwa akae kimya kwa ajili ya umoja.

Wacholi wana mato oput. Ni desturi ya kusuluhisha mambo ya damu, mazito kuliko kura, kwa hiyo msiibebe nzima mkaitia kwenye siasa. Tazameni mpangilio wake tu. Mkosaji anakiri alichofanya. Ukoo wake unalipa fidia. Baada ya hapo ndipo pande mbili zinainama juu ya kibuyu kimoja na kunywa uchungu wa mizizi ya mti wa oput. Kwenye vyama tunaanza na kibuyu, na ndani yake tumetia soda.

Basi fuateni mpangilio huo. Kwanza kukiri. Maneno kama "kama kuna mtu nilimkwaza, anisamehe" yarudisheni. Hayana mtu, hayana tarehe, hayana kosa. Yanayotosha ni haya: "Tarehe 12 kwenye soko la ng'ombe nilisema mgombea wetu alinunua bendera. Sikuwa na ushahidi. Nilisema uongo." Na ayaseme pale pale alipoyasemea. Aliyetukana redioni akiri kwenye redio ile ile, kipindi kile kile, kwa gharama zake. Kukiri ofisini kwa tusi la sokoni ni kulipa deni kwa sarafu nyingine.

Fidia inahesabika. Ikiwa alikula posho ya mawakala 240, kila mmoja shilingi 20,000, deni ni shilingi 4,800,000. Lilipwe kwa mawakala wenyewe kwa orodha na saini, lisipite kwa mwenyekiti wala kwa "mfuko wa chama". Awamu tatu zinaruhusiwa. Kwa aliyegombea huru bila kula pesa za mtu, fidia ya pesa haipo. Fidia yake ni kazi. Apangiwe kata ambako alimwangusha mbeba bendera, aandikishe wanachama na kusimamia mikutano ya tawi kwa miezi 12.

Halafu muda wa kusubiri. Mwaka mmoja bila cheo chochote cha ndani, na uchaguzi mmoja bila kuomba bendera. Hapa ndipo wengi hukasirika na kuondoka. Waacheni waende, mmeokoa muda. Aliyekuja kwa ajili ya bendera hawezi kuvumilia miaka mitano bila bendera, na aliyekuja kwa ajili ya chama atalalamika lakini atabaki.

Mwisho mbeba bendera aliyeangushwa aulizwe, faraghani, na mtu mmoja anayemwamini, kama anaweza kufanya kazi na huyu. Asilazimishwe kukumbatiana mbele ya kamera. Akisema bado, mpeni muda. Akisema kamwe, andikeni, na hakikisheni wawili hao hawawekwi kwenye kamati moja. Chama kinaweza kumrudishia mtu kadi. Kumsamehe kwa niaba ya mwingine hakiwezi.

Wa kukataliwa

Wapo. Aliyetumia vijana kupiga watu: kesi yake ni ya polisi, na chama kikiisuluhisha kinakuwa mshirika. Aliyeghushi fomu. Aliyeuza fomu za DR, ikithibitishwa. Na yule aliyesamehewa uchaguzi uliopita kwa kosa lile lile. Hapo nyinyi ndio mnaojaribiwa. Hawa waandikiwe barua fupi yenye sababu na haki ya rufaa, bila matusi na bila mkutano wa hadhara wa kuchoma fulana.

Mahali matawi huangukia

Makao makuu hupiga simu: "Mpokeeni, tunahitaji kura zake." Jibuni kwa fomu za DR, kituo kwa kituo. Jina kubwa halilingani na kura. Amama Mbabazi alikuwa waziri mkuu hadi Septemba 2014, na alikuwa pia katibu mkuu wa NRM; alipogombea urais akiwa huru mwaka 2016, na magazeti yote yakimzungumzia, alipata asilimia 1.39. Hesabuni kura za mgeni wenu kwenye vituo ambavyo chama hakina nguvu. Akiwa alipata kura zilizo zenu tangu zamani, harudi na kitu, anarudisha vyenu.

Simu ikiendelea, ombeni agizo kwa maandishi, lenye jina na cheo. Mara nyingi haliji.

Kosa lingine ni kumsamehe kiongozi na kuwasahau watu wake. Nyuma ya mgombea huru mmoja kuna wenyeviti wa vijiji, vijana wa boda boda, akina mama wa vikundi vya akiba. Yeye akirudi kwa ndege, wao wanabaki wakiitwa wasaliti kijijini. Fungueni daftari kwa wiki nne, wasaini upya, bila hukumu wala hotuba. Hawa walimfuata mtu, na wengi walifuata mabati na sukari.

Na kuna kuchelewa. Kesi isiyosikilizwa ndani ya miezi sita baada ya uchaguzi hufa: mashahidi wanahama, sauti za redio zinafutwa, na ghafla ni msimu wa mchujo tena, kila mtu anahitaji kila mtu. Pangeni kikao cha kwanza ndani ya siku 60.

Uamuzi ukishatoka, tengenezeni nakala nne: moja ya mhusika, moja ya wilaya, moja ya makao makuu, moja ibaki kwenye kabati la tawi, siyo nyumbani kwa mwenyekiti. Bandikeni muhtasari wa ukurasa mmoja ukutani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, wenye kosa, masharti na tarehe ambayo masharti yatakwisha. Kila baada ya miezi mitatu katibu aandike chini yake kilichotimizwa na kisichotimizwa, aweke saini na muhuri, na karatasi ibaki hapo hadi tarehe ifike.